Kabla hujampeleka mama kituoni, uliza nani yuko macho saa tisa usiku

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 46, naishi Tabata Segerea na mama yangu mzazi mwenye miaka 77. Huu ni mwaka wa tatu anasumbuliwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa kurudiarudia maneno, sasa ananiita jina la marehemu mama mdogo, na jua likianza kuzama anafunga khanga zake kwenye furushi anasema anarudi kwao Korogwe. Mwezi uliopita alipita getini, tukampata sokoni Buguruni, peku. Wiki hizi mbili amezidi ghafla, usiku halali, anaongea na watu wasiokuwepo. Mimi nina duka Kariakoo, natoka alfajiri narudi usiku, na wadada wa kazi wameondoka mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu aliyeko Uingereza ameona kwenye simu kituo cha kulea wazee huko Bunju na yuko tayari kulipa. Kaka yetu mkubwa, yeye yuko Korogwe, anasema nikimpeleka huko nimemtupa mama na nisimhesabu yeye kama ndugu. Jumamosi naenda kukiona kituo. Nikifika niangalie nini? Na mama nimwambie nini?
Mama Zuhura, Tabata

Marahaba, Mama Zuhura. Umeuliza maswali mawili, ila kuna jambo umelipitia haraka katikati ya barua nami nitaanza nalo. Umesema wiki hizi mbili amezidi ghafla. Ugonjwa wa kusahau huzidi polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ndani ya siku chache, akawa halali na anaona wasiokuwepo, mara nyingi kuna kingine kimeingia mwilini: maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, kukosa maji ya kutosha, kufunga choo, dawa mpya aliyoanzishwa, au damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka bila mtu kuona. Na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila hata kuchemka mwili. Kwa hiyo kabla ya Bunju kuna hospitali ya Amana, tena si mbali na kwako. Mpeleke dirisha la wazee, na ukifika kwa daktari usiseme "mama anasahau", utajibiwa ni uzee. Sema: wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya hivi na hivi, leo hawezi.

Kama tangu ugonjwa uanze hajawahi kupimwa damu kwa ajili ya kumbukumbu, omba hilo pia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende, VVU, vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu na vyote vina matibabu. Usione haya kuomba kipimo cha VVU eti kwa sababu ya umri wake. Na ukitoka hapo uwe na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa zake zote, maana kituo kitakachompokea mzee bila kuuliza karatasi hiyo kimeshakujibu nusu ya maswali yako.

Sasa kaka. Mpigie, si kwa ugomvi. Mwambie: mama anahitaji mtu aliye macho usiku na mchana, mimi nina siku hizi na hizi, wewe una zipi? Huenda akakushangaza akamchukua mwezi mzima, na ikiwa hivyo hakikisha wifi yako ameulizwa yeye mwenyewe, maana kaka zetu ni wepesi kutoa mikono ya wake zao. Kama hana siku ya kutoa, maoni yake yasikilizwe kwa heshima ya ukubwa wake, ila kura hana. Kuhusu hilo neno la kutupa, wapo wazee waliotupwa wakiwa ndani ya nyumba za watoto wao, chumba cha uani, mlango umefungwa kwa nje. Naamini kwenye mtaa wako unamjua mmoja.

Halafu Korogwe anayoitaja mama jioni pengine si hiyo anayokaa kaka. Wagonjwa wengi wa aina hii huomba kurudi kwao hata wakiwa wamekaa sebuleni kwenye nyumba waliyozaliwa. Wanatafuta miaka ile, wazazi wao, shamba la utotoni. Usije ukampakia basi la Tanga ukitarajia furushi litafunguka akifika.

Kabla hujaenda Jumamosi piga hesabu moja na mdogo wako wa Uingereza. Hao wadada walioondoka hawakumkimbia mama yako, walikimbia kukosa usingizi. Msichana mmoja anapika, anafua, anamwogesha mzee, na usiku tena anamfukuzia getini. Hiyo ni kazi ya watu wawili au watatu. Hela inayotakiwa Bunju kwa mwezi, je, inatosha kuwalipa watu wazima wawili wanaopokezana zamu hapo hapo Segerea, mmoja mchana mmoja usiku, na geti likatengenezwa? Ikitosha, mimi ningejaribu hilo kwanza. Isipotosha, au ukiona hata hao utashindwa kuwasimamia kwa sababu ya duka, nenda kituoni bila kujiona mkosaji.

Ukifika, usipoteze muda kwenye vigae na pazia. Kila mwenye kituo anajua kupaka rangi. Swali lako la kwanza liwe hili: saa tisa usiku nani yuko macho, na ana wazee wangapi mikononi mwake? Ukijibiwa "tuna mlinzi", mlinzi analinda ukuta. Hageuzi mgonjwa kitandani, habadilishi pampasi, hamtulizi mtu aliyeamka akidhani nyumba inaungua. Omba uoneshwe ratiba ya zamu ya wiki iliyopita, ile iliyoandikwa kwa kalamu na kufutwafutwa, siyo iliyochapwa vizuri kwa ajili ya wageni. Omba uzungumze na aliyekesha jana. Muulize ameanza kazi lini. Pale ambapo kila mtu ana mwezi mmoja, jua wafanyakazi hawalipwi au hawathaminiwi, na mgonjwa anayesahau majina anahitaji sana sura zilezile, mikono ileile, kila siku.

Mwenyeji atakupangia uende saa nne asubuhi, wazee wameshaogeshwa, wamepangwa kwenye viti. Nenda, mshukuru, kisha siku nyingine rudi saa kumi na moja jioni bila kumwambia. Jioni ndiyo saa ya mafurushi, si kwa mama yako tu. Wagonjwa hawa wengi huchafuka jua likizama. Kaa pembeni uangalie mhudumu anafanya nini bibi mmoja anaposema anakwenda kwao. Akimkaripia, "kwenu wapi, kaa chini hapo", umeona vya kutosha. Anayeijua kazi atainuka, atamshika mkono, watatembea wote mpaka getini wakiongea habari za huko kwao, mkonge, mto, nani alikuwa mpishi hodari, na wakifika getini atamwambia chai iko tayari, watarudi wote. Hahitaji cheti kwa hilo, japo cheti si kibaya. Anahitaji kuwa na nafasi, na nafasi hiyo haipo kama yuko peke yake na wazee kumi na watano.

Ukikuta kituo kimya kabisa jioni, wote wamelala kwenye viti midomo wazi, usifurahie utulivu. Uliza ni wangapi wanapewa dawa za kutuliza au za usingizi, daktari gani aliziandika, na zinapitiwa upya baada ya muda gani. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005 kwamba dawa mpya za wagonjwa wa akili zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huu, na mwaka 2008 ikaziongeza kwenye onyo hilo zile za zamani, haloperidol ikiwemo. Ipo siku mgonjwa huzihitaji kweli, anapojiumiza au kuumiza wengine. Lakini dawa ya kumpumzisha mhudumu ni jambo lingine. Na mzee aliyelewa dawa huanguka, hushindwa kula, hupata vidonda vya kulalia.

Hivyo vidonda uviulize kwa jina: kwa sasa yupo mwenye vidonda? Wanawageuza wasiojiweza kila baada ya muda gani? Nani ameandika saa waliyogeuzwa? Mkono wa mzee aliyekaa karibu nawe, kwa ruhusa yake, uushike. Ngozi safi na kucha zilizokatwa ni habari nzuri. Pua yako nayo ifanye kazi. Harufu ya mkojo chumba kimoja, mtu amejikojolea sasa hivi, hiyo ni kawaida ya kazi. Harufu iliyoingia kwenye magodoro na kuta, au dawa ya kusafishia iliyomwagwa mpaka macho yanawasha, jiulize.

Kaa nao wakati wa chakula cha mchana. Mgonjwa aliyefika mbali husahau hata kumeza; kumlisha bakuli moja la uji huchukua nusu saa. Kama sahani zinawekwa mbele yao na kuondolewa bado zimejaa, hakuna anayelisha. Angalia vikombe vya maji, maana kwa joto letu la Januari mzee asiyekumbushwa kunywa hukauka ndani ya siku chache. Uliza wanapima uzito kila mwezi au la.

Mengine nayapitia haraka: sakafu isiteleze, chooni kuwe na chuma cha kushikia, usiku taa ya korido iwake hata umeme ukikatika, tenki la maji liwe na maji siku hiyo uliyokwenda. Geti lifungwe, ila mwenye ufunguo ajulikane na awe karibu, kwa sababu moto hausubiri. Gari la kumkimbiza mgonjwa ni la nani? Kutoka Bunju kuja mjini kwa foleni ya barabara ya Bagamoyo, jibu la "tutakupigia simu" halitoshi.

Sikiliza pia wanavyowaongelea wazee wanaotembea usiku. Nalisema kwa uchungu: nchi hii bibi anayezunguka gizani akiongea na wasioonekana ana jina lake, nalo limeua watu. Mhudumu mmoja akikuchekea na kusema "huyu ana mambo yake", chukua mkoba wako.

Karatasi za usajili ziombe, na usiishie kuzitazama ukutani. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yao, muulize kama anakifahamu kituo na lini alikanyaga pale. Wapo watakaokushauri Nunge, Kigamboni, kwa kuwa ni ya serikali. Yale makazi ni ya wazee wasio na mtu. Mama yako anao watatu.

Mkataba nao uonyeshe kisichomo kwenye ada: pampasi, dawa, kwenda hospitali, mtu wa kukaa naye akilazwa. Mdogo wako akipoteza kazi huko alipo, mnapewa muda gani? Pesa zipite benki au kwa simu, zenye risiti. Na muombe mwanzo wa wiki mbili za majaribio kabla ya kulipa miezi sita kwa mkupuo.

Linanitia shaka jambo moja zaidi, na ni umbali. Segerea hadi Bunju, baada ya kufunga duka Kariakoo, utakwenda mara ngapi? Mzee anayetembelewa hutunzwa vizuri zaidi kuliko asiyetembelewa, kwenye kituo kilekile, na mhudumu yuleyule. Ndiyo maana kituo kinachokuruhusu kuja Jumapili saa nane mpaka saa kumi tu mimi sikitaki, hata kiwe na bustani. Ukipata kidogo, cha ukuta uliobanduka rangi, Kinyerezi au Ukonga, chenye mama wawili wanaokesha kwa zamu na geti unalofunguliwa siku yoyote, ningekichagua hicho.

Mama umwambie nini? Usimwambie mnakwenda Korogwe. Atakaa getini akisubiri gari, na wahudumu ndio watakaobeba hasira yake. Sema fupi na la kweli: "Mama, utakaa hapa, hawa watakusaidia, mimi nakuja Jumatano." Atauliza tena baada ya dakika tano, mjibu vilevile kwa sauti ileile. Mpeleke asubuhi akiwa ameshakunywa chai, na khanga zake, mto wake, mswala wake, redio yake. Ukiondoka muage, lakini usivute muda mlangoni. Mwache akiwa anafanya jambo na mtu.

Na umwandikie mhudumu karatasi moja: anapenda kuitwa nani, anaswali saa ngapi, halili nini, analala ubavu gani, maji ya kuoga anataka vuguvugu au baridi, kitu gani kinamtisha, wimbo gani unamtuliza, na majina ya marehemu anaowaita ili asisahihishwe kila saa. Iandike leo, usingoje Jumamosi. Nakala moja mtumie kaka, maana hata akikubali kukaa na mama wiki mbili tu ataihitaji.