Jibu: "Vumbi" linalotembea kwenye beseni la funza wa unga

Ndugu uliyeuliza kuhusu funza wa unga unaowafuga kwenye pumba ili kulisha kuku, hilo vumbi la kahawia uliloliona likitembea ukingoni mwa beseni ni utitiri wa nafaka, vidudu vidogo mno. Si ule wa kuku. Huu haunyonyi damu, unakula pumba na ukungu. Ukitaka uhakika, chota kidogo usugue kwa vidole: unanuka kama mnanaa.

Chanzo ni unyevu, wala usitafute mchawi. Umesema unawawekea nyanya na kabichi mpaka zinaoza. Acha kabisa. Weka kipande cha karoti, kesho yake kitoe hata kama hakijaisha. Mfuniko wa plastiki nao toa, funga wavu. Mimi nilipoteza beseni zima msimu wa masika kwa kufunika tu.

Sasa hivi chekecha mende (ndio funza hao wakishakomaa, si mende wa nyumbani) na funza wakubwa, uwahamishie beseni kavu. Pumba mpya zigandishe kwenye friza siku 2 au 3 ili kuua utitiri, kisha ziache ubaridi uishe zikiwa bado zimefungwa, la sivyo zitatoa jasho na umerudi palepale. Hao uliowahamisha watabeba utitiri kidogo, kwa hiyo kila jioni weka kipande cha kiazi kama mtego. Asubuhi utakikuta kimefunikwa na utitiri, kitupe mbali. Paka mafuta ya mgando ukingoni kwa nje.

Dawa ya kupuliza usithubutu! Funza ndio watatangulia kufa, na wakibaki hai utawalisha kuku sumu. Pumba za zamani zifunge kwenye mfuko uzichome, usizimwage karibu na banda la pumba.