Fyuzi haiungui tena, ila plagi inanuka

SWALI: Shikamoo fundi. Ekstensheni yangu moja inalisha friji, jagi la kuchemshia maji na jiko la plati mbili. Fyuzi ya plagi ilikuwa ikiungua kila wiki. Kijana mmoja akaizungushia waya. Mwezi sasa haijaungua, ila plagi inapata moto hadi inanuka. Zile fyuzi zilikuwa feki? – Mama lishe, Mikindani

JIBU: Marahaba mama. Chomoa plagi kwanza, ndipo usome.

Fyuzi hazikuwa feki. Kwenye volti 230, jagi la wati 2,200 linavuta karibu ampea 10, jiko la wati 2,500 karibu 11, friji moja hivi. Unapita 21 kwenye fyuzi ya 13. Na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne, kwa hiyo kile kiwaya cha ndani kilikuwa kinapikwa kwa joto zaidi ya mara mbili na nusu ya kawaida yake. Kikayeyuka.

Kinachonichosha ni huu msemo kwamba fyuzi inalinda friji. Mota ya friji inaweza kuungua umeme ukishuka, na fyuzi isishtuke. Fyuzi inalinda waya. Imewekwa iwe sehemu dhaifu kuliko zote njiani, ili kama ni kuungua, paungue humo ndani ya kigae cha fyuzi, si ukutani. Kijana wako amehamisha tu mahali pa kuungua. Plastiki ya waya wa kawaida inahimili nyuzi joto 70. Shaba inayeyuka kwa 1,085. Piga hesabu kipi kitatangulia.

Halafu huko kwetu pwani kuna chumvi. Skrubu iliyolegea au kushika kutu ya kijani inazuia mkondo, na joto linajazana hapohapo hata kama hujazidisha vyombo. Mwaka jana nilifungua plagi moja Shangani, pini inacheza kwenye plastiki kama jino la mtoto, na penye fyuzi pamekunjwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Mwenye nyumba ananiambia, "Mbona inafanya kazi vizuri tu."

Ekstensheni hiyo itupe, usimpe jirani. Jiko livutiwe laini yake kutoka meini swichi, friji na jagi kila kimoja na soketi yake ya ukutani.

Na nyie mnaotoa breka (ile swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi) ya ampea 20 mkaweka ya 32 kwa sababu "inasumbua", waya wa ukutani mmeubadilisha? Hiyo ni ileile karatasi ya sigara, ila imenunuliwa dukani. Mafundi wa kufunga umeme wanapewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe yake, kisha muulize waya ulioko ukutani ni wa milimita ngapi. Akikujibu kwamba breka kubwa ndiyo imara, mpe nauli arudi kwao.