Timu ya London bila Mwingereza: ubaguzi uko wapi hapo?

Mkuu, umebandika ujumbe wenyewe uliokutoa kwenye kundi, kwa hiyo nitajibu kwa kuutazama huo huo. Mlikuwa mnakumbushana Ligi ya Overwatch, ligi ya gemu ya kompyuta ambayo timu zake zilipewa majina ya miji, ukaandika kwamba London Spitfire ya 2018 ilikuwa "timu ya London kwa jina tu, Wakorea watupu". Halafu ukaongeza: "Hawa macho madogo wamejaa kila timu, hawana hata hisia, ni mashine." Msimamizi akakutoa, wenzako wakakuita mbaguzi, nawe unauliza kosa ni lipi wakati kila shabiki duniani hupenda wa kwao, na kama msimamizi alikosea kukutoa.

Sentensi ya kwanza haina ubaguzi. Ya pili inao. Nimefuatilia gemu za mashindano tangu enzi za StarCraft, gemu ya vita ya kompyuta, nimesimamia meza za mashindano hapa Dar, na nimeona watu wengi wazuri wakitoka kwenye sentensi ya kwanza kuingia ya pili bila kujua wameshavuka.

Tuanze na London. Mmiliki wa Spitfire alikuwa Cloud9, kampuni ya Kimarekani. Kikosi kilipatikana kwa kuunganisha wachezaji wa timu mbili za Korea Kusini, GC Busan na KongDoo Panthera. Msimu wa kwanza ulichezwa Burbank, California, na ubingwa wakautwaa Brooklyn, New York, Julai 2018, kwa kuifunga Philadelphia Fusion. Mtu wa London aliyeuliza "changu hapa ni kipi?" aliuliza swali la haki kabisa, maana aliuziwa jina la mji wake na jezi juu yake. Ila mwenye kudaiwa jibu hapo ni mmiliki na ligi yenyewe. Kijana aliyetoka Busan akasaini mkataba halali hakumuibia Mwingereza chochote.

Hata sisi kila dirisha la usajili linapofunguliwa tunabishana kuhusu wachezaji wa kigeni wa Simba na Yanga, na shirikisho linaweka ukomo wa idadi yao. Hakuna mwenye akili timamu anayeuita ukomo ule ubaguzi. Kwenye gemu ni vivyo hivyo. Mwaka 2014 timu ya Kichina iitwayo LMQ ilihamia Marekani, ikapitia mchujo wa gemu ya League of Legends, ikaingia ligi kuu ya huko na kuchukua moja ya nafasi tatu za Amerika Kaskazini kwenye Kombe la Dunia. Mashabiki wa Marekani walilalamika sana. Mwaka huo huo Riot, wenye gemu hiyo, wakatoa kanuni ya kuzuia timu kuwa na zaidi ya wachezaji wawili wasio wakazi wa ukanda wake. Blizzard, wenye StarCraft na Overwatch, nao wakakaza sharti la ukazi kwenye WCS, mzunguko wao wa mashindano ya StarCraft II, mwaka 2016. Mimi naziunga mkono kanuni za namna hiyo. Zinauliza unaishi wapi, na bila hizo kijana wa nchi ndogo hapati hata nafasi ya kupigwa mbele za watu akajifunza.

Sasa hiyo "mashine" yako.

Najua ulidhani unasifia. Lakini fikiria unamnyang'anya mtu nini unaposema hivyo. Ubora wa Korea una historia inayoeleweka. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1997 nchi ile iliwekeza kwa nguvu kwenye intaneti ya kasi, vikafunguka vibanda vya kompyuta wanavyoviita PC bang kila mtaa, na StarCraft ikatoka 1998 ikavikuta. Kufikia 2000 walikuwa na chama chao cha gemu za mashindano, KeSPA, na chaneli za televisheni zikarusha mechi. Zikaja nyumba za timu, makocha, vijana wanaolala na kuamka kwenye mazoezi. Ukiyafuta yote hayo ukaweka "ndivyo walivyozaliwa", umemwambia mtu jasho lake halikuwepo.

Na kama ingekuwa damu, Serral angetokea wapi? Yule ni mchezaji wa StarCraft II, Mfini, alikuwa akifanya mazoezi kwao Finland, na 2018 alishinda mashindano yote manne ya mzunguko wa WCS. Watu wakasema ni kwa sababu kanuni ya ukazi imemkinga na Wakorea. Agosti akaenda Korea kwenyewe, akashinda mashindano ya GSL dhidi ya Dunia kwa kumfunga Mkorea aitwaye Stats 4-3. Novemba akakutana na Stats tena kwenye fainali ya dunia, akamfunga 4-2, akawa mtu wa kwanza asiye Mkorea kutwaa taji lile. Tazama jinsi alivyozungumzwa: ratiba yake ya mazoezi, uamuzi wake, utulivu wake. Yaani Mfini alikuwa mtu mmoja mwenye jina, Wakorea walikuwa kundi. Hapo ndipo upendeleo wa shabiki unapogeuka kitu kingine, na hauhitaji hata tusi moja.

Tusi likiongezeka inakuwa kama ilivyomtokea TerrenceM, Mmarekani mweusi aliyefika fainali ya Hearthstone, gemu ya karata, kwenye mashindano ya DreamHack Austin, Mei 2016. Sehemu ya watazamaji kuandika maoni kwenye matangazo ilijaa matusi ya rangi kila alipoonekana kwenye kamera. Waliokuwa wakimtukana hawakuwa wakimtetea mpinzani wake wala nchi yoyote. Hapakuwa na hoja ya ukazi wala ya mchezo. Walimwona uso tu, basi.

Na kuna Fearless, mchezaji Mkorea wa Dallas Fuel, timu nyingine ya Ligi ya Overwatch. Aprili 2021, wakati wa korona, alieleza kwenye matangazo yake jinsi watu wa mji ule walivyokuwa wakiwafuata yeye na wenzake barabarani, wakivua barakoa na kuwakoholea. Alisema wakivaa jezi ya timu inapungua kidogo, kwa kuwa watu wanatambua hawa ni wachezaji. Mwanamume anavaa jezi ili apite mtaani salama kwenye mji ambao jina lake limeandikwa kifuani pake! Mwaka uliofuata alikuwemo kwenye kikosi kilichoipa Dallas ubingwa. Ukiandika "macho madogo", mkuu, unaongea lugha ya wale waliokuwa wakimkoholea, hata kama moyoni hukukusudia.

Nije nyumbani, maana tusidhani haya ni ya Wazungu na Wakorea. Kwenye mashindano fulani ya Tekken, gemu ya kupigana ana kwa ana, hapa Dar niliyosaidia kusimamia, walikuja wageni kutoka Nairobi, Mombasa na Kampala. Wageni waliwekewa mechi za asubuhi wakiwa ndiyo kwanza wameshuka kwenye basi, wenyeji wakapangwa mchana. Mbaya zaidi, meza moja ilikuwa na luninga inayochelewesha picha. Tekken inakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, na adhabu nyingi za kumjibu mpinzani aliyekosea unatakiwa uzitoe ndani ya fremu 10 na kitu, kwa hiyo luninga ya namna ile inakumaliza hata kama una vidole vya dhahabu. Wenyeji walikuwa wameshaizoea, wageni hawakuwa na habari. Kijana mmoja wa Nairobi akapiga kelele kwamba Watanzania wanabagua Wakenya. Ukumbi ukamjibu kwa kejeli zote tunazozijua kuhusu Wakenya, naye akajibu za kwake kuhusu Wabongo, na hoja ya luninga ikazama humo.

Kijana yule alikuwa ameonewa kweli. Upangaji ulikuwa wa upendeleo, nami niliwaambia waandaaji hivyo. Lakini lile neno zito lilimpa kila aliyekuwa na kosa mlango wa kutokea: watu wakaanza kujitetea kwamba hawachukii Wakenya, jambo ambalo lilikuwa kweli, na luninga ikabaki palepale. Mashindano yaliyofuata tulichezesha droo mbele ya watu wote na wachezaji wakawa wanabadilishana viti katikati ya mechi. Lawama zikapungua, wageni kwa wenyeji.

Upande wa pili wa shilingi naujua pia. Ukicheza kutoka Dar kwenye seva za Ulaya pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, inapanda, unaganda, unawaharibia wenzako gemu. Mtu akiniambia "kaka, pingi yako mbaya, toka" ana haki. Akisikia lafudhi yangu akaanza kutoa milio ya nyani, hazungumzii pingi tena. Wachezaji wa Peru wanayapata hayo hayo kwenye seva za Marekani za gemu ya Dota: lalamiko la lugha na mawasiliano lina msingi, lakini "Mperu" limeshageuzwa tusi la kumpiga nalo yeyote anayecheza vibaya.

La mwisho ambalo linaniuma ni kumkingia kifua wa kwetu akikosea. Novemba 2018 wachezaji wawili Wafilipino wa Dota 2, skem na Kuku, kila mmoja kwa wakati wake, waliwaandikia Wachina ile kejeli ya kuiga sauti za lugha yao. Valve, wenye gemu hiyo, walimkatalia Kuku kwenda Chongqing Major, mashindano makubwa ya China ya Januari 2019. Wapo mashabiki wa kwao waliosema ni utani wa kawaida wa mtandaoni, na wapo wa China walioanza kuwalaumu Wafilipino wote kwa jumla. Neno la mtu mmoja likawa vita ya mataifa. Na kejeli ile ile naisikia kwa vijana wetu kila wanapokutana na Mchina mtandaoni, kwa Kiswahili safi katikati, na hakuna anayewakemea.

Kuhusu swali lako la pili, kama msimamizi alikosea kukutoa: kukutoa bila kukwambia ni sentensi ipi ilikuwa pabaya, hapo alikosea, maana umebaki ukidhani kosa lako ni kuipenda timu yenye watu wa kwao. Muandikie faragha. Mwambie unaifuta sentensi ya pili na huiombei msamaha wa nusu nusu, ila ile ya kwanza unabaki nayo, na uko tayari kuijadili na yeyote: nani alimiliki Spitfire, nani aliuza jezi, na kwa nini watu wa London walingoja msimu mzima bila kuiona timu yao ikicheza kwao.