Je, kusema "ndege mbaya" au "siku ya nuksi" ni shirki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nilikuwa natoka kwenda kutafuta kazi mji wa mbali, nikajikwaa mlangoni. Mama mmoja akaniambia, "Hiyo ndege mbaya, rudi ndani." Nikarudi, na safari ikavunjika. Tangu siku hiyo nina wasiwasi na imani yangu. Watu tunasema fali, ndege, mkosi, nuksi, dalili, ishara. Yapi yanajuzu katika maneno haya? Na anayesema kwamba Qur'ani yenyewe imetaja siku za nuksi, tumjibu nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukurani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, hukumu haifungamani na neno peke yake. Yafaa utazame mambo mawili: mwenye kulisema anamtegemea nani, na neno lenyewe linamwamrisha afanye nini.

Hilo la "ndege" nianze nalo, kwa sababu ndilo lililokurudisha ndani. Waarabu wa zama za ujahilia, mtu akitaka safari alimfurusha ndege. Akiruka kulia, husafiri. Akiruka kushoto, huahirisha. Kwa Kiarabu jambo hili likaitwa twiyara, kutokana na twair, yaani ndege, na Kiswahili chetu nacho huiita ishara hiyo "ndege". Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi ya Ibn Mas'ud, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi: "Twiyara ni shirki, twiyara ni shirki." Sababu yake ni wazi. Mwenye kurudi kwa ajili ya ndege au kwa kujikwaa amekipa kiumbe uwezo wa kuleta madhara, na Mwenyezi Mungu hakukipa uwezo huo wala hakukifanya kuwa sababu.

Wanachuoni wameeleza kwamba akiamini kitu hicho kinadhuru kwa nguvu zake chenyewe, hiyo ni shirki kubwa. Akiona ni alama tu ilhali mwenye kudhuru ni Mungu, ni shirki ndogo. Nayo si ya kudharauliwa.

"Mkosi", "nuksi" na "kisirani", vikibandikwa mtu, siku au nyumba, viko katika mlango huo huo. Tazama ni akina nani waliosema hivyo ndani ya Qur'ani. Watu wa Firauni, balaa ilipowapata, walisema ni kisirani cha Musa na walio pamoja naye (7:131). Thamud walimwambia mtume wao Saleh vivyo hivyo (27:47). Watu wa ule mji wa Sura Yasin waliwaambia mitume wao kwamba wamewaletea mkosi, wakajibiwa: "Kisirani chenu mnacho wenyewe" (36:19). Haya ni maneno ya waliokadhibisha, na muumini hafai kuyaazima.

Sasa hizo siku za nuksi. Ni kweli Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba kaumu ya Aad walipelekewa upepo "katika siku za nuksi" (41:16), na wako wanaoishika Aya hii kuikimbia Jumatano au siku nyingine. Lakini isome pamoja na Sura Al-Haqqa, 69:7: upepo ule uliwavumia masiku saba na michana minane mfululizo. Michana minane haiachi siku hata moja ya juma! Kama Aya ingezitia siku zenyewe nuksi, basi kusingebaki siku ya kusafiri, kuoa wala kufanya biashara. Isitoshe, katika adhabu ile ile Hud, mtume wa Aad, na waliomwamini waliokolewa kwa rehema ya Mola wao (11:58). Siku zile kwao zilikuwa za kuokoka. Nuksi ilikuwa ya Aad kwa ukafiri wao, haikuwa ya kalenda.

Bibi Aisha (R.A.) alilikata jambo hili kwa maisha yake. Waarabu waliona mwezi wa Shawwal haufai kwa ndoa. Yeye akasema, kama alivyopokea Imamu Muslim katika kitabu chake cha hadithi, kwamba Mtume alimuoa Shawwal na akaingia kwake Shawwal, basi ni yupi katika wake zake aliyekuwa na hadhi zaidi kwake kuliko yeye? Hebu wakumbuke jibu hilo wote wanaoahirisha harusi kwa kuhofia mwezi.

Ama fali, Mtume (S.A.W.) aliipenda. Alipoulizwa fali ni nini akasema ni neno zuri (Bukhari na Muslim). Huko Hudaybiya, karibu na Makka, mwaka wa 6 Hijria, Makureshi walipomtuma Suhayl bin Amr kuja kupatana, Mtume alisema jambo limekuwa sahali kwao, akilifurahia jina lake. Lakini jina halikuamua chochote. Mazungumzo yalifanyika na masharti yakaandikwa. Fali njema humzidishia mja dhana nzuri kwa Mola wake, wala haimwambii nenda au rudi. Kufungua msahafu ili Aya itakayotokea ikuamulie jambo si fali hii. At-Turtushi, katika wanachuoni wa Kimaliki, aliifananisha na mishale ya kupigia ramli iliyoharamishwa katika Sura Al-Maida.

"Dalili" ya sababu inayojulikana haina ubaya. Wingu ni dalili ya mvua, na Qur'ani inataja pepo zinazoyatimua mawingu (30:48). Hata hapo, ulimi uchungwe. Hapo hapo Hudaybiya mvua ilinyesha usiku, na baada ya Alfajiri Mtume akawafikishia masahaba maneno ya Mola wao: aliyesema tumenyeshewa kwa fadhila na rehema ya Mwenyezi Mungu ameamini, na aliyesema tumenyeshewa kwa nyota fulani amekufuru na kuiamini nyota. Mvua moja, na kauli mbili zikawatenga watu.

"Ishara" za Kiyama na ndoto njema zimethibiti kwa wahyi na hadithi, hazimo katika haya.

Kuhusu wasiwasi wako: hofu iliyokupitia moyoni si dhambi. Sahaba Muawiya bin Hakam alipomtajia Mtume watu wenye twiyara, alijibiwa kwamba hicho ni kitu wanachokiona vifuani mwao, basi kisiwazuie (Muslim). Kosa lilikuwa kurudi. Tubu, na useme dua iliyopokewa na Ahmad kwa aliyezuiwa na twiyara: "Allahumma laa khayra illa khayruka, walaa twayra illa twayruka, walaa ilaha ghayruka" (Ewe Mwenyezi Mungu, hakuna kheri ila kheri yako, wala ndege ila ndege wako, wala mungu asiyekuwa wewe).

Kisha swali rakaa mbili za istikhara, yaani za kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri, uipange safari upya. Yule mama usimwite mshirikina, huenda hajafundishwa. Keti naye umsomee Aya hizi. Na siku utakayotoka, sema mlangoni: "Bismillah, tawakkaltu ala Allah, walaa hawla walaa quwwata illa billah," uende zako, hata ukijikwaa tena.

Wallahu a'lam.