Krimu ya Chini ya Macho: Je, Ni Salama?

SWALI: Nimenunua krimu ya kuondoa weusi chini ya macho katika duka moja la River Road. Kibandiko kinataja maji, gliserini, kafeini, retinoli na manukato, naye muuzaji ameniahidi matokeo kwa wiki moja. Nina mimba ya miezi minne. Je, niitumie? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Usiitumie, dada. Retinoli ni jamii ya vitamini A, na madaktari hushauri wajawazito waiepuke. Gliserini haina neno, nayo kafeini hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza uvimbe kwa saa chache tu. Weusi wa kurithi hauondoki kwa kafeini. Manukato hayana kazi hapo, kwa kuwa ngozi ya kope ni nyembamba mno na huwashwa upesi.

Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo ahadi ya wiki moja, kwani baadhi ya krimu zinazong'arisha ngozi haraka zimewahi kupatikana na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) zisizotajwa kwenye kibandiko. Zebaki hudhuru figo na mtoto aliye tumboni, ilhali steroidi ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) au mtoto wa jicho.

Bidhaa iliyoagizwa kutoka nje hutakiwa kuwa na stika ya ISM, yaani alama ya viwango vya bidhaa za nje, ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya). Ukiikosa stika hiyo, irudishe krimu dukani na risiti yako. Na ikiwa umeshaipaka, mweleze daktari wa kliniki yako ya wajawazito na umwonyeshe kopo lenyewe.