Umepewa kusimamia vituo vya treni ya mjini? Anza na ndoo na saa

Wiki iliyopita binti mmoja, mhandisi kijana, alinipigia simu. Amekabidhiwa usimamizi wa ukarabati wa vituo vya treni ya abiria wa mjini, pamoja na maboresho ya huduma yenyewe. "Shikamoo mama. Nianzie wapi?" Nikamwambia aende sokoni akanunue ndoo ya lita ishirini. Akanyamaza kidogo, nadhani akijiuliza kama kustaafu kumenikaa vibaya.

Ndoo ni ya kukalia. Mimi, nilipopewa kazi kama hiyo, yangu niliazimwa na mama mmoja muuza uji, na nikaikalia kituoni asubuhi kwa asubuhi, kuanzia saa kumi na moja na nusu, simu mkononi ikiwa imefunguliwa kwenye saa ya kuhesabia sekunde. Nilichokuwa nahesabu ni kimoja tu: treni inasimama muda gani, na kwa nini. Haikuchukua muda wachuuzi wakaanza kuniita Mama Saa. Ofisini nilikuwa nimeacha michoro mizuri ya paa jipya, maua na sehemu ya kuegesha magari. Nilipokuja kuifungua tena, zaidi ya nusu yake niliifuta.

Ngoja nieleze kwa nini sekunde zina uzito wote huo. Treni zetu nyingi za mjini zinapita kwenye reli moja, inayotumika kwenda na kurudi. Chukua mfano wa njia ya dakika 50, isiyo na pa kupishana. Kwenda dakika 50, kurudi 50, na kila mwisho wa njia uweke dakika 10 za kuhamisha kichwa cha treni kutoka mbele kwenda nyuma. Hizo ni dakika 120. Maana yake ni treni moja kila saa mbili, na hata ukinunua vichwa vitano vipya huwezi kuzidisha. Ukijenga njia ya kupishania katikati, treni mbili zinaweza kufanya kazi, na abiria akapata treni kila saa moja. Lakini hapo sasa mmoja akichelewa, mwenzake anamsubiri kwenye njia ya kupishania, na ucheleweshaji unaambukizwa kama mafua. Kama vituo vya katikati ni sita na kila kimoja kinapoteza sekunde 40 za bure, umepoteza dakika 4 kwenda na 4 kurudi. Hizo ndizo dakika zinazomfanya mtu aamue kesho apande daladala.

Kwa hiyo ukiambiwa "boresha kituo", usifikirie jengo. Fikiria mlango wa behewa.

Pale kwenye ndoo niliona jambo ambalo hakuna mchoro ungenionyesha. Treni inakuja na mabehewa kadhaa, lakini abiria karibu wote wanang'ang'ania mawili. Huko mbele behewa linaondoka na viti vitupu, na huku katikati gadi anapiga filimbi mara tatu kwa sababu watu bado wananing'inia. Nilidhani ni ubishi wetu wa kawaida. Hapana. Kivuli kilikuwa kimoja tu, paa moja katikati ya jukwaa, na hakuna mtu wa Dar es Salaam atakayesimama juani wakati kivuli kipo. Treni inapofika, kila mtu anaingia mlango ulio mbele yake. Dawa yake haikuwa paa kubwa zaidi. Tulichukua fedha ya paa moja kubwa tukatengeneza vibanda vidogo vilivyosambazwa kwenye urefu wote wa jukwaa, na watu wakajigawa wenyewe bila tangazo wala mgambo.

Sababu ya pili ilikuwa mbali na pale, kwenye kituo cha mwisho cha mjini. Huko lango la kutokea lilikuwa moja, upande mmoja wa jukwaa, na abiria mzoefu anajua behewa gani litasimama karibu na lango. Kwa hiyo msongamano ninaouhesabu huku pembeni ya mji unatengenezwa na geti la kule. Ukifungua geti la pili upande wa pili, unapunguza kusukumana kwenye vituo vyote kabla hujavigusa. Kila ninayemweleza hili huwa haniamini mpaka akalie ndoo yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana najua wengine mmelisubiri. Kituo sitakitaja. Mkandarasi aliniletea sampuli ya vigae vya kung'aa, vizuri kama sebule ya harusi, na bei ilikuwa nafuu. Nikasaini. Siku ya kukabidhi viongozi wakavisifu. Masika ya kwanza yalipofika, maji yakapigwa na upepo mpaka chini ya paa, na jukwaa likawa kama limepakwa mlenda. Watu waliteleza, akiwemo mzee mmoja mwenye mkongojo ambaye alinitazama bila kusema neno, na ningependa angenitukana. Tulivibandua vyote tukaweka zege lililokwaruzwa kwa ufagio mgumu likiwa bado bichi. Ni baya kwenye picha. Sijawahi kusikia mtu ameteleza juu yake.

Somo la kimo cha jukwaa nililipata kwa mnyapara wa gengi la reli, si chuoni. Tulikuwa tumepima vizuri: kingo ya jukwaa na ngazi ya behewa vinakaribiana, mama mwenye mtoto mgongoni anavuka bila kuinua goti sana. Mnyapara yule akaja, akaangalia, akacheka. Akaniambia, "Mama, mwezi ujao sisi tunaleta kokoto." Kila gengi linapoongeza kokoto na kuzishindilia chini ya mataruma, yale yanayolazwa kubeba reli, reli inapanda juu kidogo. Jukwaa lenyewe halipandi. Baada ya miaka michache ya matengenezo, hatua ya kupanda inakuwa imekua, na lawama anapata aliyejenga jukwaa. Kwa hiyo kabla hujamwaga zege la kingo, kaa na watu wa njia, uwaulize wana mpango wa kuinua reli lini na kiasi gani, na wekeni alama ya kudumu ukutani inayoonyesha usawa wa reli uliokubaliwa. Kama kituo kipo kwenye kona ni kazi zaidi, kwa sababu behewa limenyooka na jukwaa limepinda, na mwanya wa katikati hauepukiki. Kama unaweza, sogeza kituo kwenye sehemu iliyonyooka. Kama huwezi, weka mtu pale wa kuwaangalia abiria wakivuka mwanya.

Asikuambie mtu kwamba ni mambo madogo. Mumbai, ambako treni za mjini hubeba watu kwa mamilioni kila siku, msichana mmoja alipoteza mikono yote miwili mwaka 2014 kwenye kituo cha Ghatkopar, kwenye ule mwanya kati ya treni na jukwaa. Mahakama Kuu ya huko ikaingilia kati, na kazi ya kuinua majukwaa hadi takriban sentimita 90 juu ya reli ikapata kasi ambayo kabla ya hapo haikuwepo. Mwanya ulikuwepo miaka yote ile, na kila mtu alikuwa akiuruka.

Utaambiwa pia kwamba bila treni mpya hakuna la kufanya. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka niliposoma habari za London. Tarehe 11 Novemba 2007 mamlaka ya usafiri ya jiji hilo ilichukua njia kadhaa za treni zilizokuwa zimechakaa na kuzipa jina la London Overground. Treni mpya zilianza kuonekana 2009. Katikati hapo walifanya nini? Walisafisha vituo, wakaweka taa na kamera, na wakahakikisha kila kituo kina mfanyakazi muda wote treni zinapotembea. Treni zilikuwa zile zile kuukuu, lakini abiria wakaanza kurudi. Sisi kwetu tunapenda kuanza na utepe.

Na kwa kuwa nimetaja treni: usiahidi kuazima mabehewa ya jirani kabla hujapima upana wa reli. Dar es Salaam ilipoanza treni ya mjini Oktoba 2012, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilikuwa safari mbili: moja ya reli ya kati kutoka Stesheni hadi Ubungo, nyingine ya TAZARA kwenda Mwakanga. Watu wengi waliuliza kwa nini upande wenye mabehewa ya akiba usiuazime mwingine. Reli ya kati, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ni milimita 1,067. Tofauti ni kama upana wa vidole vinne, lakini gurudumu halina huruma. Ukijumlisha SGR, ile reli mpya ya kisasa ya milimita 1,435 iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, mji mmoja una reli za aina tatu zisizoweza kuazimana hata ekseli. Kwa hiyo cha kuunganisha ni ratiba, njia za kutembea kwa miguu na mahali pa bajaji kusubiri.

Ratiba nayo, iandike kwa saa tunayoitumia. Nimeona ubao umeandikwa 18:10 na abiria akasimama chini yake akiuliza treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi inakuja lini. Na treni ikichelewa, mwambie stesheni masta aandike kwa chaki: imefika kituo gani, na inategemewa hapa saa ngapi. Yale matangazo ya "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza" yapigwe marufuku. Usumbufu umeshajitokeza, umesimama hapo na mfuko wa mchicha.

Dirisha la tiketi lisitazame jukwaa. Foleni yake itakata njia ya wanaoshuka, na wewe utarudi kwenye hesabu ya sekunde. Ligeuzie upande wa kuingilia, na jioni waruhusu watu wakate tiketi ya kesho asubuhi.

Choo: kabla ya kukijenga, uliza nani atashika ufunguo, nani atalipa bili ya maji, na mfagiaji analipwa kutoka fungu gani. Ukikosa jibu la moja kati ya hayo matatu, umejenga stoo ya mafagio.

Mama lishe na machinga utaambiwa uwaondoe. Mimi sikubaliani, na nilibishana sana juu ya hilo. Jukwaani hawatakiwi kabisa, jiko la mkaa na umati wa watu havikai pamoja. Lakini nje ya uzio, kwenye njia ya kutokea, wape eneo lenye sakafu, mfereji na taa. Wao ndio wanaofika kabla ya mlinzi na kuondoka baada yake, na dada anayeshuka saa mbili usiku anatembea kwa amani kwa sababu kuna mtu anakaanga chipsi. Nenda mwenyewe usiku ukakague taa. Ripoti ya taa iliyoandikwa saa nne asubuhi haina maana.

Kuhusu mkandarasi nitasema machache, kwa sababu kila mtu ana mkandarasi wake. Usisaini kazi iliyofunikwa ambayo hukuiona ikiwa wazi: nondo kabla ya zege, bomba kabla ya kifusi. Kazi za karibu na reli zifanyike katikati ya mchana au usiku, kwa kibali cha kufunga njia kilichoandikwa, na mtu mwenye bendera asimame pale pale, asitumwe kununua maji. Kila jioni andika daftari lako, hata mistari minne. Mimi daftari langu liliniokoa mara moja, siku mkandarasi alipodai nilimruhusu kwa mdomo kupunguza kina cha msingi.

Na angalia tarehe za kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Wengi hukubali miezi sita, wakakabidhiwa kazi Juni wakati jua linawaka na kila kitu kimekauka, na muda ukaisha Desemba kabla masika hayajaonja jengo. Dai mwaka mzima. Kisha Aprili, mvua ikiwa inanyesha kweli kweli, chukua mwamvuli na kipande cha chaki, nenda kituoni, na uchore duara kila mahali maji yamesimama. Piga picha, mpelekee mkandarasi siku hiyo hiyo.