Jibu: Mzaliwa wa Tanga ambaye hajawahi kufika Amboni

Ndugu yangu, nimekuelewa: rafiki zako wanaohamia Dodoma wameutembea mji wote katika wiki zao za mwisho, nawe, mzaliwa wa mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, unatazama picha zao za mahali ambapo hujawahi kukanyaga. Hali hiyo huwapata wenyeji wengi, kwa kuwa mgeni ana tarehe ya kuondoka na mwenyeji hana. Basi jiwekee tarehe nawe, tena kabla hawajaondoka, ili mwende pamoja.

Ningeanza na Tongoni, kwenye barabara ya Pangani. Nenda asubuhi, wala usiridhike kuyatazama magofu ya msikiti kwa mbali. Sogelea makaburi yenye nguzo uone vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, kwani hapo utaelewa jinsi pwani yetu ilivyofanya biashara na ulimwengu karne nyingi kabla ya Mjerumani kujenga reli.

Mapango ya Amboni yanataka maandalizi zaidi. Fuatana na mwongoza watalii, vaa viatu visivyoteleza na ubebe tochi yako, maana ndani kuna giza totoro na njia zinazopoteza watu. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, kwa sababu baadhi ya vipenyo ni vyembamba mno.

Makumbusho ya Urithi yaliyomo katika boma la Wajerumani yanatosha kwa mchana mmoja. Kisiwa cha Toten kinahitaji mashua, hivyo patana nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na usivuke upepo ukiwa mkali.